Simu ya kukosea namba: siku hizi sikati kabla ya kumuuliza mtu anatafuta namba gani

#1 Mleta uzi

Wakuu, habari za muda huu. Uzi ni mrefu kidogo, naomba mnivumilie.

Wiki tatu zilizopita, saa nane na robo usiku, simu yangu iliita. Namba ngeni. Nikapokea nikiwa bado na usingizi, nikasikia sauti ya mzee: "Sista, huyu mgonjwa anahema vibaya, nifanyeje?" Nikamjibu, "Umekosea namba," nikakata. Hata dakika mbili hazikupita, ikaita tena. Ni yeye. "Mzee, umekosea namba." Nikakata. Ya tatu sikuipokea, niliiacha iite mpaka ikanyamaza. Ya nne ndipo nikaamka, nikawasha taa, nikapokea kwa nia ya kumfokea.

Kabla sijasema neno akaniwahi: "Mwanangu, usikate. Nakuomba usikate. Hii ndiyo namba niliyoandikiwa."

Hapo akili ikanirudi. Nikamwambia anisomee hiyo namba kama ilivyoandikwa, tarakimu moja moja, asiruke hata moja. Akasema subiri nivae miwani. Nikasikia karatasi ikichakarika. Akaanza kusoma taratibu, na mimi namfuata kichwani kwa namba yangu. Kila anachosoma ndicho kilichopo kwangu, mwanzo hadi mwisho. Maana yake hakukosea kubonyeza. Kosa lilikuwa kwenye karatasi.

Nikamuuliza, "Mzee, hizo moja ziko ngapi hapo?" Mbili. "Zimeandikwa sawasawa?" Akanyamaza. Halafu akasema, "Hii ya mwanzoni ni kijiti tu. Hii ya huku mwishoni ina kijikofia, kimelala kidogo." Nikamwambia basi hiyo ya pili si moja, ni saba. Mtu anayeandika moja kwa kijiti kitupu, kofia yake anaiweka kwenye saba. Jaribu saba.

Akasema, "Haya mwanangu," akakata. Hakupiga tena, na mimi naamini alimpata huyo sista.

Usingizi haukurudi. Kilichonikaa rohoni ni kwamba tangu simu ya kwanza mpaka ya nne zilipita kama dakika sita. Dakika sita za mtu anayehema vibaya, na mimi ndiye niliyezila. Nilimwambia ukweli mara mbili kwamba amekosea, lakini ukweli ule haukuwa na faida yoyote kwake. Kwamba mimi siye aliyemtaka, alikuwa ameshajua. Asichojua ni kosa liko wapi. Na mtu wa namna hiyo ukimkatia hachapi namba upya. Anabonyeza ile iliyo juu kabisa kwenye orodha ya simu alizopiga, anarudi kwako. Au anasoma tena karatasi ile ile, anarudi kwako.

Kwa hiyo siku hizi jibu langu ni moja: "Unatafuta namba gani? Nisomee." Inachukua nusu dakika. Naomba mawazo yenu, na kama yamewahi kuwakuta, elezeni.

#2

Pole mkuu, kisa kinagusa. Ila mimi nitaendelea kukata, na sababu ninayo. Matapeli wa siku hizi wanaanzia hapo hapo, kwenye "samahani, nimekosea namba". Mtu wa karibu yangu aliletewa meseji ya kumwuliza kama ile miadi ya kesho ipo palepale. Akajibu kwa uungwana kwamba namba siyo. Mwenzake akaomba radhi, akamsifu kwa upole wake, wakaanza kusalimiana kila asubuhi. Mwezi wa pili yakaingia mazungumzo ya kuwekeza kwenye sarafu za mtandaoni. Akiba yake yote ilikwenda, na mpaka leo hajarudi kuwa yule tuliyemzoea. Uungwana wake ndio uliomponza.

#3

Mkuu wa #2, pole sana kwa huyo ndugu. Ninakubaliana nawe kuhusu hatari, ila nadhani kuna alama ya kuwatofautisha. Aliyekosea kweli ana haraka ya kuondoka, kuna mtu anamtafuta. Tapeli ana nafasi ya kukaa. Ukimwambia namba siyo halafu akaendelea kukuuliza jina, uko wapi, unafanya kazi gani, huyo hakukosea namba. Huyo kata, zuia, futa.

Na angalieni kitu kimoja kwenye utaratibu wa mleta uzi: anayepiga ndiye anayetaja namba, anayepokea anasikiliza tu. Wengi tunakosea hapa. Mtu anakupigia, anauliza "Hapo ni kwa nani?" nawe unajitaja jina kamili. Usijitaje. Yeye ndiye anayetafuta, basi yeye ndiye aseme anamtafuta nani na kwa namba ipi.

Kuna na ile ya kuita mara moja na kukatika, kutoka namba ya nchi usiyoijua. Wajapani wameipa jina, wangiri, yaani "moja kisha kata". Wanakutega ili wewe ndiye upige, na gharama ya simu hiyo inakuwa kubwa, nao wanapata mgao wao. Ile usiirudishie kabisa.

#4

Naomba nichangie upande wa namba zenyewe, maana ndiyo kazi ninayoifanya kila siku, kuandika programu zinazopokea namba za watu.

Kuna jambo wengi hawajawahi kuliwazia: namba ya simu haina namna ya kujikagua. Namba ya kadi ya benki inayo. Ukikosea tarakimu moja tu ya kadi, programu inaikataa hapo hapo, kabla hata haijaulizwa benki. Inawezekana kwa sababu tarakimu ya mwisho ya kadi haikuwekwa hivi hivi. Imekokotolewa kutoka kwa zile zilizotangulia. Unaanza kulia kwenda kushoto, unazidisha kwa mbili kila tarakimu ya pili, ikizidi 9 unatoa 9, unajumlisha zote, na jumla lazima igawanyike kwa kumi bila baki. Ilibuniwa na Hans Peter Luhn wa kampuni ya kompyuta ya IBM, aliyepewa hataza yake (hati ya haki ya mvumbuzi) mwaka 1960. Inanasa kila kosa la tarakimu moja, na karibu kila kosa la kubadilishana nafasi kwa tarakimu mbili zinazofuatana. Inayoiponyoka ni 09 ikigeuka 90, au 90 ikigeuka 09.

Sasa chukua simu yako, piga *#06#. Itakutokea namba ya utambulisho wa kifaa chenyewe, IMEI, tarakimu 15. Ile ya mwisho kabisa ni ya ukaguzi, kwa hesabu hiyo hiyo ya Luhn. Kwa hiyo kifaa ulichoshika mkononi kina namba inayojilinda, lakini namba ambayo mzee anaipiga saa nane za usiku haina kinga yoyote. Akibadilisha saba kuwa moja, mtambo hauoni kosa. Unaona namba nyingine halali, ya mtu mwingine aliyelala, unamwamsha.

#5

Swali kwa mkuu wa #4: kwa nini basi hawakuiweka na kwenye simu?

#4 (anajibu)

Swali zuri, na jibu lake liko kwenye umri. Namba za simu ni za zamani kuliko hesabu hizo.

Mwanzoni hakukuwa na namba kabisa. Ulikuwa unanyanyua simu, unamtajia opereta jina la mtu, naye anakuunganisha kwa sababu anawajua wateja wote na matundu yao kwenye ubao wa kuunganishia waya. Mwaka 1879, katika mji wa Lowell, Massachusetts, ulizuka ugonjwa wa surua. Daktari mmoja wa pale, Moses Greeley Parker, akapata hofu: mji una maopereta wanne, wakiugua wote kwa pamoja, hao watakaoshika nafasi zao watajuaje tundu lipi ni la nani? Akashauri wateja wapewe namba. Yaani namba zilikuja ili mtu asiyekujua aweze kukuunganisha bila kukosea.

Kisha zikaja mashine. Almon Strowger, aliyekuwa na biashara ya mazishi, alipata hataza ya mtambo wa kujiunganisha wenyewe mwaka 1891. Kwenye mitambo ya namna yake, kila tarakimu unayozungusha inasogeza swichi hatua kadhaa muda ule ule. Mtambo haungoji umalize ndipo uitazame namba nzima. Ukifika tarakimu ya tano, umeshaingizwa nusu njia. Hapo ukaguzi ungefanyikia wapi? Kufikia wakati wa Luhn tayari kulikuwa na mamilioni ya laini duniani, na kuongeza tarakimu moja kungemlazimu kila mtu abadilishe namba. Hakuna aliyethubutu.

Leo mitambo ni kompyuta, ingewezekana kabisa kitaalamu. Lakini kinga iliyopatikana imekuja kwa mlango mwingine. Kwenye kutuma pesa kwa simu, huduma nyingi zinakuonyesha jina la mpokeaji kabla hujathibitisha. Lile jina linafanya kazi ambayo tarakimu ya ukaguzi ingeifanya. Tatizo ni kwamba watu hawalisomi. Lisomeni wakuu.

#6

Mimi ni mhasibu, nataka kuongezea kwenye hiyo moja na saba. Kikokotoo na kibodi ya namba ya kompyuta vina 7, 8, 9 juu. Simu ina 1, 2, 3 juu. Mpangilio huu wa simu ulikuja na simu za vitufe za kampuni ya Bell mwaka 1963, baada ya watafiti wao kujaribisha watu mipangilio mbalimbali. Sasa mtu anayechapa hesabu kutwa nzima bila kutazama vidole, akishika simu akiwa amechoka, kidole kinakwenda juu kutafuta saba, kinakuta moja. Mbili na nane hivyo hivyo, tatu na tisa hivyo hivyo. Nne, tano na sita zenyewe ziko mstari ule ule kote kuwili. Nilishawahi kumpigia mtu nisiyemjua siku tatu mfululizo kwa kosa hilo. Siku ya tatu akaniuliza kwa upole kabisa, "Dada, unayemtafuta namba yake inaanzaje?" Tukaipata palepale. Namkumbuka mpaka leo.

#7

Uzi mzuri. Kwangu mimi tatizo kubwa ni masikio kuliko maandishi. Lugha yetu ina mitego yake kwenye kutaja namba, na hakuna anayetufundisha.

Chukua "sita" na "tisa". Sauti ni zile zile, ila s na t zimebadilishana nafasi. Laini ikiwa inakatikakatika unasikia "...ta" au "...sa", nyingine unajaza mwenyewe. Halafu kuna huu unaoniumiza zaidi: mtu anakutajia "sifuri tatu". Ameandika 03 au 000? "Saba mbili" ni 72 au 77? Mtajaji anajua alichomaanisha, na mwandikaji naye anajua alichosikia, kila mmoja ana uhakika wake. Niliikosa simu ya kazi kwa jambo hilo. Niliyemtajia namba yangu aliandika tarakimu moja pungufu, akajaribu, ikagoma, akamwita anayefuata kwenye orodha. Nilikuja kujua baada ya mwezi.

Tangu hapo sisemi "sifuri tatu" nikimaanisha sifuri zikiwa tatu. Nasema "sifuri, sifuri, sifuri". Natamka tatu tatu, nasubiri mwenzangu azirudie, ndipo naendelea. Kuna mwanasaikolojia, George Miller, aliandika mwaka 1956 kwamba kumbukumbu ya muda mfupi inabeba vitu kama saba hivi, ukiongeza au kupunguza viwili. Namba ya simu ya kimataifa inaweza kufika tarakimu 15. Ukizimwaga zote kwa pumzi moja, unamtwisha mwenzako mzigo usiobebeka. Na mwishoni mwambie akupigie hapo hapo, usikie inaita. Hiyo ndiyo hakika.

#8

Kwenye kubipu hapo hapo naunga mkono. Nikiandikiwa namba kwenye karatasi siondoki mbele ya aliyeniandikia kabla haijaita.

#9

Naomba niwakumbushe na ile ya kupiga namba ya dharura bila kukusudia. Simu iko mfukoni, au mtoto anachezea, unashtuka kusikia "dharura, nikusaidie nini?" Karibu kila mtu anafanya kosa moja: anakata kwa aibu.

Msikate. Mimi nimefanya kazi ya kupokea simu za namna hiyo. Simu ikikatika bila maelezo, anayepokea hajui kama ni mtoto anacheza au ni mtu amenyang'anywa simu mkononi. Analazimika kukupigia tena, na usipopokea inabidi aanze kuhangaika kujua uko wapi. Wakati huo wote kuna mtu mwingine anasubiri kwenye foleni. Sema tu: "Samahani, nimebonyeza bahati mbaya, niko salama." Sekunde tano. Hakuna atakayekufokea.

Mwaka 2023 polisi wa Uingereza walitoa tahadhari hadharani kwamba simu za kimya kwenye 999, namba yao ya dharura, zimeongezeka mno, wakaitaja huduma ya simu za Android inayopiga dharura ukibonyeza kitufe cha pembeni mara tano au zaidi. Ni huduma inayookoa watu, siwaambii muizime. Ila ijueni kama ipo kwenye simu yenu, na mjue inavyoamka.

#10

Mimi ni upande wa pili wa habari hii. Mimi ndiye namba isiyo sahihi, na hakuna aliyekosea kubonyeza.

Nilinunua laini mpya mwaka juzi, kumbe ilikuwa ya mtu mwingine kabla yangu. Wiki ya kwanza walianza kupiga wanaomdai. Baadaye wakaja marafiki zake, mmoja akitaka kumjulisha msiba. Nikawa naingiziwa na meseji zenye msimbo wa kufungulia akaunti zake. Nilijitahidi kumtafuta kupitia hao waliokuwa wanampigia, sikufanikiwa. Huyo wa msiba ndiye aliyenishinda nguvu. Nilimwambia laini imebadilika mwenyewe, akaniuliza, "Kwa hiyo hakuna njia nyingine ya kumpata?" Sikuwa na la kumjibu.

Namba hazitoshi, ndiyo maana makampuni yanazirudisha sokoni. Marekani sheria inataka namba iliyoachwa ikae angalau siku 45 kabla ya kupewa mtu mwingine, na tangu mwishoni mwa 2021 kuna hifadhidata ambayo wafanyabiashara wanaweza kuiangalia kujua kama namba imeshatoka mikononi mwa mteja wao. Mwaka huo huo watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Princeton walichukua namba 259 zilizokuwa tayari kuuzwa kwa wateja wapya, wakakuta 171 bado zimefungamana na akaunti za watu kwenye tovuti maarufu. Mimi msimbo nilioletewa niliufuta. Mwingine asingeufuta.

Kwa hiyo nawaomba, kabla hujaiacha laini, itoe kwanza kwenye benki, kwenye barua pepe, kwenye kila ulichojisajili. Waambie watu wako. Usiitupe tu.

#11

Dada wa #10, umenigusa. Na si kila mara yanaishia kubaya. Mwaka 2016 huko Arizona bibi mmoja, Wanda Dench, alimtumia meseji ya mwaliko wa sikukuu mtu aliyedhani ni mjukuu wake. Aliyeipokea ni kijana asiyemjua kabisa, Jamal Hinton. Walipogundua kosa, kijana akauliza kama bado anaweza kwenda. Bibi akamwambia aje. Wameendelea kukutana kila mwaka, na bibi alipofiwa na mumewe mwaka 2020, sikukuu ya mwaka huo kijana alikuwa pamoja naye.

#2 (anarudi)

Nimesoma michango yote. Meseji sitajibu, hilo sibadilishi. Lakini simu ya sauti, mtu akiwa anahema na ana haraka, nitamuuliza anatafuta namba gani. Hilo nalikubali.

#1 Mleta uzi (mrejesho)

Wakuu, asanteni sana. Baada ya kusoma mkuu wa #6 na wa #7 nilikwenda kwa mama Jumamosi, nikamwomba daftari lake la namba. Ni daftari la zamani, jalada limeshonwa kwa uzi, majina mengine yameandikwa kwa penseli mpaka yamefifia. Mama anaandika saba kama anavyoandika moja, tofauti ni kijikofia kisichozidi punje ya mchanga. Humo ndimo ilimo namba yangu, na ya dada yangu, na ya daktari wake.

Tulikaa mezani, tukaanza kupiga zile zenye mashaka, moja baada ya nyingine. Zilikuwa sita. Nne zilikuwa sawa. Ya tano haikuita. Ya sita, iliyoandikwa ni ya daktari, akapokea mwanamume, sauti ya mtu aliyeamshwa. Mama akamwomba radhi, akataka kukata. Yule bwana akasema, "Usikate mama. Unatafuta namba gani?"

Mama akavaa miwani, akaanza kumsomea.